Ndege, Shamba au Kamera: Utalii wa Nchi Uanze Kushikana na Nani?

Mgeni akikaa nchini siku saba, fedha yake hupita kwa watu ambao wengi wao hawajihesabu kuwa wamo katika utalii: rubani, dereva wa teksi, mvuvi, fundi bomba, dobi, mkulima wa nyanya, karani wa benki, muuza laini za simu. Kiwanda cha saruji unaweza kukipima kwa mifuko inayotoka getini. Utalii hauna geti. Ndiyo maana Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilikuja kuidhinisha mwongozo wa pamoja wa kuuhesabu mwaka 2000 tu. Mwongozo huo, Akaunti Satelaiti ya Utalii, huchukua kipande cha mapato ya hoteli, kipande cha usafiri, kipande cha chakula, burudani na maduka, na ndipo ukubwa wa utalii unapojulikana. Kinachoangaliwa ni nani aliyenunua, hata kama bidhaa ni ileile anayonunua mwenyeji.

Kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kama sekta nyingine zishirikiane na utalii. Tayari zimo ndani yake, zipende zisipende. Kazi iliyobaki ni kuchagua. Wizara, bodi ya utalii au chama cha wenye hoteli hawana fedha wala watu wa kusimamia ubia na kila sekta kwa mpigo. Na ubia uliozinduliwa kwa hotuba kisha ukakosa msimamizi huwaacha watu wamevunjika moyo kuliko walivyokuwa kabla haujaanza, hata ukija wa pili hawataki kuusikia.

Hapa ninalinganisha wabia watatu ambao huombwa mara nyingi zaidi: mashirika ya ndege, wakulima na wavuvi, na watengeneza filamu. Kila mmoja namuuliza mambo manne. Matokeo yanaonekana baada ya muda gani? Hasara ikitokea inamwangukia nani? Fedha ya mgeni inabaki kiasi gani nchini? Na mbia akiondoka, anaacha nini? Niseme mapema ninakoegemea: nchi nyingi huanza na ndege au kamera kwa sababu matokeo yake yanaonekana kwenye picha, ilhali ubia unaolipa kwa muda mrefu ni wa shamba. Hata hivyo yapo mazingira ambayo kuanza na shamba ni kupoteza muda, nayo nitayataja.

Ndege

Hakuna ubia unaobadili takwimu za wageni haraka kama huu. Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Iceland, kisiwa cha watu wasiofika laki nne kilichoko kwenye njia kati ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Tangu miaka ya 1960, shirika la Loftleiðir, mmoja wa wazazi wa Icelandair ya leo, lilikuwa likiwashawishi abiria wanaovuka Atlantiki washuke njiani na kukaa siku chache kabla ya kuendelea na safari. Icelandair inaendelea na mpango huo: abiria anaweza kukaa hadi siku saba bila kuongezewa nauli ya ndege. Angalia kila mmoja anapata nini. Shirika linajaza viti vya safari ndefu. Hoteli, mabasi na waongoza watalii wanapata mgeni ambaye hakuwa na mpango wa kuja. Gharama ya kumshawishi imebebwa na shirika ambalo lingemsafirisha kwa vyovyote vile.

Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull ililipuka, majivu yake yakafunga sehemu kubwa ya anga ya Ulaya kwa siku kadhaa, na watu wakaanza kufuta safari zao. Ndani ya wiki chache serikali, Jiji la Reykjavík, Icelandair na makampuni mengine walichanga fedha kwenye kampeni moja iliyoitwa Inspired by Iceland, iliyowaomba hata wananchi wa kawaida wawaambie watu wa nje kwamba nchi inafikika na maisha yanaendelea. Mwaka huo waliingia wageni karibu 490,000. Kufikia 2018 walikuwa takribani milioni 2.3. Kampeni peke yake isingefika huko. Matangazo na viti vilikwenda pamoja, na hilo ndilo jambo ambalo nchi nyingi hulikosa: bodi ya utalii inatangaza kwenye soko ambalo halina ndege ya moja kwa moja, na shirika la ndege linafungua njia ambayo hakuna aliyeitangaza.

Sasa upande wa pili. Sehemu ya ongezeko lile ilibebwa na WOW air, shirika la bei nafuu lililoanza kuruka mwaka 2012. Tarehe 28 Machi 2019 likafilisika na kusimamisha safari zote, na mwaka huo wageni wakashuka hadi karibu milioni 2. Mwenye hoteli aliyekopa benki akitegemea viti vile hakuwa na la kufanya. Hakuwa kwenye bodi ya shirika, hakuona hesabu zake, na mkopo wake uliendelea kudai.

Moroko ilichukua njia nyingine. Mwaka 2001 serikali na shirikisho la waajiri wa nchi hiyo walitia saini makubaliano ya Dira ya 2010, yenye lengo la kufikisha wageni milioni 10. Desemba 2006 ukafuata mkataba wa anga huria na Umoja wa Ulaya, mashirika ya bei nafuu yakaingia kwa kasi, na kufikia 2010 nchi ilipokea wageni milioni 9.3. Lengo lilikosewa kwa kidogo tu. Lakini katika vituo sita vya pwani vilivyopangwa kujengwa kwenye mpango huohuo, vichache tu vilikuwa vimefunguliwa. Ndege inaweza kuja baada ya miezi sita ya mazungumzo. Hoteli, maji safi, barabara na wahudumu waliofundishwa huchukua miaka. Ukifungua anga bila kuyapanga hayo, wageni wanajazana palepale palipokuwa pamejaa.

Pia uangalie masharti. Shirika la ndege halifungui njia mpya kwa mapenzi. Huomba punguzo la ada za kutua, mchango wa matangazo, au dhamana ya mapato: ndege ikiruka na viti vitupu, serikali au mfuko wa utalii unalipa pengo. Dhamana si jambo baya lenyewe. Ubaya ni kuisaini bila kikomo cha fidia, bila muda wa mwisho, bila kiwango kinachopungua mwaka hadi mwaka, na bila haki ya kuona idadi halisi ya abiria. Hapo faida inakwenda kwa shirika na hasara inabaki kwa mlipa kodi, ambaye pengine hajawahi kupanda ndege.

Ubia huu una siasa zake vilevile. Novemba 2012 shirika la ndege la Australia, Qantas, lilisitisha ushirikiano wake wa matangazo na Tourism Australia, bodi ya utalii ya nchi hiyo, mpango wa thamani ya takribani dola milioni 50 za Australia, kwa sababu mwenyekiti wa bodi hiyo, aliyewahi kuwa mkuu wa Qantas, alikuwa akihusishwa na wawekezaji waliotaka kubadili mwelekeo wa shirika. Hakuna hoteli iliyokuwa imekosea kitu. Mbia akiwa mmoja na mkubwa, ugomvi wa watu wachache wa juu unafika hadi kwa mwenye nyumba ya wageni.

Kuhusu fedha inayobaki, ndege za kigeni huacha ada za uwanja, mafuta na mishahara ya wahudumu wa ardhini. Tiketi yenyewe hulipiwa na kubaki nje. Nchi yenye shirika lake imara hupata zaidi, kama Ethiopia, ambayo shirika lake lililoanzishwa mwaka 1945 limeifanya Addis Ababa kuwa kituo kikuu cha kubadilishia ndege barani Afrika. Ila sishauri nchi yoyote ianzishe shirika la ndege kwa ajili ya utalii. Ni biashara yenye faida nyembamba na madeni mazito, na fedha ileile ingefungua njia nyingi kwa mashirika yaliyopo.

Shamba

Ndege inamleta mtu. Shamba ndilo linaloamua fedha yake italala wapi. Utafiti wa IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia inayoshughulika na sekta binafsi, uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba hoteli za Fiji zilikuwa zikitumia zaidi ya dola milioni 74 za Fiji kwa mwaka kununua vyakula vibichi, na zaidi ya nusu ya fedha hiyo ilinunua bidhaa kutoka nje. Fiji ina mvua, ina ardhi yenye rutuba na imezungukwa na bahari. Haikosi chakula. Kinachokosekana, huko na katika nchi nyingi zinazofanana nayo, ni daraja kati ya shamba na jiko la hoteli, na daraja hilo limeundwa na mambo madogomadogo ambayo hayaonekani kwenye ripoti za mawaziri.

Simama kwenye mlango wa nyuma wa jiko la hoteli kubwa alfajiri. Gari la msambazaji wa jumla linafika na saladi, mayai, vitunguu na samaki kwa pamoja, kwenye makasha ya baridi, kwa ankara moja. Karani wa stoo anapima, anaangalia halijoto, anasaini, na gari linaondoka. Nyuma yake kuna mkulima mwenye kreti sita za nyanya. Nyanya ni nzuri, pengine tamu kuliko zile za msambazaji, lakini kubwa na ndogo zimechanganywa. Hana ankara yenye namba ya mlipa kodi. Akipokelewa ataambiwa malipo ni baada ya siku 45. Msambazaji anaweza kusubiri siku 45 kwa sababu nyuma yake kuna benki. Mkulima anatakiwa kuwalipa vibarua mwisho wa wiki. Na meneja ununuzi wala hana roho mbaya: kesho nyanya zisipofika, mpishi mkuu hatamuuliza mkulima, atamuuliza yeye.

Ubia wowote wa utalii na kilimo usiogusa hayo mambo manne, yaani madaraja ya ubora, wingi usiokatika, karatasi za malipo na muda wa kulipwa, ni maneno matupu. Nimeona mipango mingi ya aina hii ikiishia kwenye maonyesho ya siku moja, ambako wakulima na wapishi wanabadilishana namba za simu. Namba za simu hazilipi vibarua.

Jamaika ni mahali pazuri pa kujifunza kwa sababu wamejaribu kwa muda mrefu. Mwaka 1996 kundi la hoteli za Sandals, likishirikiana na mamlaka ya serikali ya kuendeleza kilimo vijijini, lilianza na wakulima kumi. Kufikia 2004 walikuwa wakulima 80. Kilichosaidia hasa ni ziara za pande zote mbili: watu wa hoteli walikwenda mashambani kuona matikiti yanavyokua, na wakulima wakapelekwa hotelini kuona kwa nini tunda lenye kovu linarudishwa. Baadaye, mwaka 2013, serikali ikaunda mtandao maalumu wa kuunganisha utalii na sekta nyingine, na humo likazaliwa jukwaa la kidijitali la ALEX, ambapo hoteli inaona mkulima gani ana nini na lini. Tangu wakulima kumi hadi jukwaa la nchi nzima ni karibu miongo miwili. Anayetaka matokeo kabla ya uchaguzi ujao asije huku.

Gambia inaonyesha namna nyingine. Msimu wake wa utalii, Novemba hadi Aprili, ndio msimu wa kiangazi, kwa hiyo hoteli zinahitaji mboga nyingi wakati mashamba yasiyo na umwagiliaji yamekauka. Mwaka 2004 ilianzishwa kampuni ya Gambia is Good, ubia wa shirika la misaada na kampuni ya kilimo cha bustani ya Uingereza. Ilinunua mboga kwa wakulima wadogo, wengi wao wanawake, ikawafundisha kupanga tarehe za kupanda ili mavuno yasije yote kwa pamoja, kisha ikauza kwa hoteli. Yaani mnunuzi wa kati. Watu wengi wakisikia neno dalali wanakunja uso, na mara nyingi wana haki. Ila katika mnyororo huu lazima awepo mtu wa kukusanya, kupanga madaraja, kumlipa mkulima mapema na kuisubiri hoteli ilipe. Awe ushirika, awe kampuni, awe mfuko, lakini awepo. Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha kufadhiliwa na serikali katika ubia wote huu, ningechagua mtaji wa kumwezesha huyo mtu wa kati kulipa fedha taslimu.

Kuna pia njia ya kugeuza mwelekeo: badala ya mazao kwenda kwa mgeni, mgeni aende kwenye mazao. Italia ilitunga sheria ya utalii wa mashambani mwaka 1985 na kuipitia upya mwaka 2006. Uzuri wa sheria hiyo ni sharti lake: anayepokea wageni shambani lazima kilimo kibaki kuwa kazi yake kuu. Haruhusiwi kununua shamba, kung'oa mizabibu na kujenga hoteli kwa jina la shamba. Leo nchi hiyo ina mashamba ya aina hiyo zaidi ya 25,000, mengi yakiwa vijijini mbali na miji iliyojaa watalii. Japani ilifanya jambo la karibu na hilo kupitia barabara. Mwaka 1993 ilisajili vituo 103 vya mapumziko kando ya barabara, vinavyoitwa michi-no-eki, kila kimoja kikiwa na maegesho na vyoo vinavyofunguliwa saa zote, taarifa za eneo, na mara nyingi soko la mazao ya wakulima wa hapohapo. Sasa vimezidi 1,200. Wizara inayohusika na barabara, halmashauri na wakulima walikutana kwenye kiwanja kimoja cha maegesho, na wateja wake ni wenyeji pia, hivyo msimu wa wageni ukiisha duka halifungwi.

Hilo la wenyeji ni la kuzingatia sana. Mwaka 2020 safari za kimataifa duniani zilishuka kwa zaidi ya asilimia 70. Mkulima aliyekuwa amelima mboga zinazopendwa na wageni tu alibaki nazo shambani. Aliyelima kinacholiwa na wenyeji pia alipata pa kuuzia. Hasara kubwa ya ubia huu inaweza kumwangukia mnyonge wake, kwa hiyo mkataba wa hoteli usimsukume mkulima kulima kitu ambacho hakuna mwingine atakayekinunua, au ukimsukuma basi hoteli iahidi kiwango cha chini itakachonunua kwa vyovyote.

Na mbia huyu akiondoka anaacha nini? Anaacha mabomba ya umwagiliaji, chumba cha baridi, watu wanaojua kupanga madaraja na kuandika ankara. Ujuzi huo unauzika shuleni, hospitalini, hata nje ya nchi. Katika hili wabia wengine wawili hawafui dafu.

Kamera

Filamu ni tangazo ambalo mtu mwingine amelilipia. New Zealand ndiyo mfano unaotajwa kila mahali, na kwa haki: filamu tatu za The Lord of the Rings za mwongozaji Peter Jackson, zilizotoka kati ya 2001 na 2003, zilionyesha milima na mabonde yake kwa watu ambao wasingeweza kuipata nchi hiyo kwenye ramani, na bodi ya utalii ikazitumia bila aibu. Kinachosemwa kwa nadra ni kilichobaki chini. Karibu na mji wa Matamata, kijiji cha kuigizia kilikuwa kimejengwa kwenye shamba la kondoo kwa vifaa vya muda. Wageni wakaanza kutembezwa mwaka 2002. Kampuni ya filamu iliporudi miaka kadhaa baadaye, kijiji kilijengwa upya kwa vifaa vya kudumu, na kimebaki kivutio hadi leo. Waliokuwa na mkataba wa ardhi ndio walionufaika kwa muda mrefu.

Gharama nayo haikuwa ndogo. Oktoba 2010, filamu nyingine za ulimwengu huohuo zilipotishia kuhamishiwa nchi nyingine, serikali ilibadilisha sheria ya kazi inayowahusu wafanyakazi wa filamu na kuongeza vivutio vya fedha. Na Agosti 2021, Amazon ikatangaza kuihamishia Uingereza tamthilia yake iliyotokana na hadithi hizohizo, baada ya msimu wa kwanza kurekodiwa New Zealand. Kamera hufuata punguzo la kodi. Likipatikana kubwa zaidi kwingine, inaondoka.

Tena wageni wa filamu huenda wote mahali pamoja. Ufukwe wa Maya Bay nchini Thailand, ulioonekana kwenye filamu ya mwaka 2000 iliyoigizwa na Leonardo DiCaprio, ulifikia kupokea hadi watu 5,000 kwa siku. Matumbawe mengi yakafa. Serikali ikaufunga Juni 2018 na kuufungua tena Januari 2022 kwa idadi yenye kikomo na bila boti kuingia ndani ya ghuba. Nina huruma na walioshangilia filamu ile ilipotoka. Hawakuwa na namna ya kujua. Anayesaini leo hana udhuru huo.

Sioni kamera kuwa mahali pa kuanzia. Ni nyongeza nzuri kwa nchi ambayo tayari ina viti, vyumba na kanuni za kulinda maeneo yake.

Wabia wengine wapo, na wakati mwingine huja bila kuitwa. Bwawa la Blue Lagoon la Iceland lilitokana na maji yaliyokuwa yakitoka kwenye mtambo wa umeme wa jotoardhi wa Svartsengi, uliojengwa mwaka 1976. Watu walianza kuoga humo na baadaye likawa kivutio kinachojulikana duniani kote. Malaysia ina baraza maalumu la kuvuta wagonjwa kutoka nje, kazi inayozihusisha hospitali, hoteli na idara ya uhamiaji. Afya ni mbia mzuri kwa nchi ambayo hospitali zake tayari zinaaminiwa na wananchi wake wenyewe. Kwa nchi isiyofika hapo, ni ndoto ya gharama.

Ubia ufungwe kwa namna gani

Kuchagua mbia ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni chombo kinachowashikanisha. Vipo vya namna tatu, na hapa uamuzi wangu ni mwepesi kidogo.

Mkataba wa moja kwa moja, kama wa hoteli na ushirika wa wakulima, ni wa haraka na una uwajibikaji: anayekosea anajulikana. Udhaifu wake ni kuwaacha nje wadogo. Mfuko wa tozo unawafikia wengi. Jamaika ilianza mfuko wake wa kuboresha utalii mwaka 2005 kwa tozo ndogo kwa kila abiria anayeingia kwa ndege au meli, na mfuko huo ndio unaofadhili miradi kama ule wa ALEX. Hatari yake ni pale mfuko unapogeuka kibubu cha hazina ya serikali, ukachotwa kwa mambo mengine. Sheria ya kuuanzisha itaje matumizi waziwazi na iwape walipaji viti kwenye bodi.

Taasisi ya pamoja ndiyo yenye nguvu kuliko vyote, na ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Barcelona, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya 1992, iliunda chombo cha pamoja kati ya halmashauri ya jiji na chama cha wafanyabiashara ili kuutangaza mji. Kilifaulu mno. Miaka thelathini baadaye wakazi walikuwa barabarani wakipinga wingi wa watalii na kodi za nyumba zilizowashinda, na mwaka 2024 meya akatangaza kwamba leseni za nyumba zaidi ya 10,000 zinazopangishwa watalii hazitahuishwa baada ya Novemba 2028. Sekta zote zenye kunufaika zilikuwa na kiti mezani. Sekta ya makazi, yaani watu wanaoishi pale, haikuwa na kiti chenye uzito ule. Ukiunda taasisi, mpe mkazi kura, tena kura inayoweza kuzuia jambo.

Kwa hiyo uchague nini

Ikiwa vyumba vyenu viko vitupu kwa sababu hakuna ndege, au nauli ni kubwa kuliko gharama ya wiki nzima ya kukaa, anzeni na ndege. Shamba halitawasaidia, hakuna wa kula. Fungueni anga kwa mashirika mengi kuliko kumkumbatia mmoja, na dhamana mkiitoa iwe na kikomo na tarehe ya kufa.

Ikiwa wageni wanakuja kwa wingi lakini halmashauri za jirani na hoteli bado ni maskini, acheni kuongeza viti. Mgeni wa ziada atakula chakula cha ziada kilichoagizwa nje. Wekeni fedha na watu wenu bora kwenye shamba na uvuvi, na mvumilie misimu miwili au mitatu ya makosa.

Ikiwa ninyi ni mkoa mdogo wa ndani, usio na uwanja wa ndege wala matumaini ya kuupata karibuni, njia ya Italia na Japani inawafaa kuliko zote. Inatumia barabara na mashamba yaliyopo, na wateja wa kwanza wanaweza kuwa raia wa nchi hiyohiyo wanaosafiri mwisho wa wiki.

Ikiwa kampuni ya filamu imewagongea mlango, msiifukuze. Ipeni masharti: majengo yapi yatabaki, mwenye ardhi atapata nini wageni wakianza kuja, watu wangapi waruhusiwe kwa siku, na nani atafunga njia idadi hiyo ikifika. Yaandikwe kabla kamera haijawashwa, kwa sababu baada ya hapo hamtakuwa na cha kuizuilia.

Na kwa wale watakaoanza na shamba, kazi ya mwezi wa kwanza isiwe kongamano. Ombeni hoteli tano ankara zao za ununuzi wa vyakula za mwaka mmoja uliopita. Zipangeni kwa bidhaa na kwa mwezi. Tieni alama kila kinachoagizwa nje ambacho wakulima wenu wanakilima tayari, hata kama ni kwa msimu mmoja tu, kisha chagueni vitatu, siyo ishirini. Kwa hivyo vitatu kaeni na wapishi wakuu na mameneja ununuzi mkubaliane ukubwa, ufungashaji na siku za kupokea, na pale mezani awepo tayari yule atakayemlipa mkulima siku ya kupeleka.